Kizibao cha Rangi ya Chungwa

Fundi cherehani alimlilia hakimu mpaka sauti ikamkauka. Mwanawe aliiba mtungi wa gesi, hilo hakulikataa. Alichoomba ni kile kifungo cha nje kilicholetwa na sheria mpya. "Afagie barabara ya mbele ya duka langu, mheshimiwa. Nitamchunga kwa macho yangu mwenyewe." Hakimu akakubali.

Mtaa haukukubali. Mwenye bucha, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, kila asubuhi alimrushia maneno huku akinoa kisu.

"Dada, siku hizi wezi wanapewa ufagio! Kesho watapewa mshahara."

"Huko ndani wanaingia na mtungi, wanatoka na bunduki," mama alijibu bila kusimamisha cherehani. "Samaki mkunje angali mbichi, kaka."

"Huyo wako ameshakauka!"

Wakacheka, ingawa mama kicheko kilimchoma.

Kizibao cha rangi ya chungwa alichopewa kijana na mahakama, sare ya wafungwa wa nje, kilimpwaya. Mama alikipunguza mabegani na kiunoni, maana hata aibu ina kiasi chake. Kijana akafagia. Akafagia hata mbele ya bucha, asikoagizwa. Jamani, mama alianza kupata usingizi.

Jumamosi moja, duka limejaa wateja, mkono ulipenya dirishani ukanyakua simu mezani. Mama alipiga ukelele ambao yeyote angeupiga: "Mwizi! Mwizi! Mkamateni!"

Kijana alitupa ufagio, akamfukuza yule mwizi.

Waliokuwa kwenye kona hawakuliona dirisha. Walisikia ukelele, wakaona mtu anakimbia na kizibao wanachokijua wote. Mwizi mwenyewe, ndani ya shati jeupe lililopigwa pasi, alipita katikati yao, nao wakampisha.

"Siye! Siye huyo! Ni mwanangu!" mama alipiga kelele akikimbia peku. Kwamba ni mwanawe walilijua fika. Mawe hayakusimama.

Msibani, mwenye bucha alilia kuliko ndugu wa damu. Akaketi karibu na mama, akasema taratibu, bila ubaya wowote moyoni:

"Ungemwacha ndani, dada, leo angekuwa hai."

Mama alijihesabia moyoni. Aliyemtoa ni yeye. Aliyeita mwizi ni yeye.

Baada ya mazishi akaja karani wa mahakama, mtu mpole, akiona haya kuinua macho. Alifuata kizibao. Ni mali ya serikali, alisema, na kuna kijana mwingine anakisubiri.

Mama alikuwa ameshakifua. Alimwomba karani asubiri kidogo, akaketi kwenye cherehani, akaanza kuifumua ile mishono, bega kwa bega, ili kirudie ukubwa wake. Alimaliza, akakikunja vizuri, akamkabidhi.

"Mwambieni mama yake," alisema, "asimpunguzie. Na asimwite afagie karibu naye."