Kidole cha Breka

Breka ya umeme ilijikata tena kabla shuka la kwanza halijatokea upande wa pili. Rola za mashine ya kupigia pasi zilipunguza mwendo, zikasimama, na shuka likabaki limeng'atwa katikati likitoa mvuke. Wanawake waliokuwa kwenye mstari walishusha mikono. Waligeuza shingo tu kumtazama fundi umeme, naye akajiona kama mtu aliyekula chakula cha wenziwe.

Katika kiwanda kile cha kufulia mashuka ya hoteli na hospitali, watu walilipwa kwa kapu. Mashine ikilala, kapu halijai. Fundi aliijua kazi yake: kausha mikono, simama pakavu, zima mashine, shusha kile kidole cheusi cha breka mpaka chini kabisa ndipo ukipandishe. Kikianguka tena usikilazimishe, maana breka haikasiriki bure. Akafanya hivyo. Mashine ilipowashwa, kidole kikaanguka.

"Kuna umeme unavuja ndani ya mashine," alimwambia msimamizi. "Nipe siku moja niifungue."

Msimamizi hakuwa mtu wa kufoka. Aliwageukia wanawake, akasema kwa upole, "Mmemsikia fundi. Leo mtapumzika. Makapu yenu mdaini yeye."

Walikuwa wameshampa jina, Bwana Giza. Mmoja aliuliza kama hata mkewe humpata kwa kupapasa, wengine wakacheka kicheko cha njaa. Shemeji wa fundi naye alicheka. Alikuwa mjane wa mdogo wake, na fundi mwenyewe ndiye aliyemwombea kazi pale. Kisha akamsogelea, akasema chinichini, "Shemeji, nyumbani jiko limelala tangu juzi. Itafutie dawa, hata ya kienyeji."

Akaitafuta. Alikata kipande cha waya, akakifunga kutoka skrubu ya juu hadi skrubu ya chini, umeme ukapita nje ya breka. Kidole kilibaki chini, kama mlinzi aliyelala mlangoni huku watu wakimruka. Mashine ikanguruma. Wanawake wakamshangilia, na kufikia mchana alikuwa Bwana Mwanga. Jina lile alilipenda. Hilo ndilo lililomtesa baadaye, kwamba alilipenda.

Alijiambia kwamba siku ya mapumziko angeifungua mashine. Siku ilipofika, msimamizi alisema kuna mzigo wa haraka wa hoteli. Ikaja nyingine, na mzigo mwingine. Baadaye fundi aliacha kuuliza.

Asubuhi moja shuka lilikwama kwenye rola. Shemeji aliegemea ubavu wa mashine ili alivute, kama walivyofanya wote. Sakafu ilikuwa imelowa, kama siku zote. Hakupiga kelele. Alikakamaa tu, kiganja kimeng'ang'ania bati, na aliyepiga yowe alikuwa mwenzake wa pembeni: "Fundi, zima!"

Fundi alikimbilia breka. Mkono ulitangulia akili, ukakishika kidole ili ukishushe.

Kilikuwa chini tayari.

Akakisukuma tena, na tena, kama mwendawazimu, kabla hajaukumbuka waya wake mwenyewe. Swichi kuu ilikuwa ng'ambo ya ua. Alipoifikia na kuizima, akarudi akihema, walikuwa wameshamlaza shemeji juu ya mashuka safi, na hakuna aliyehangaika tena.

Kabla mkaguzi wa serikali hajafika, msimamizi alimwambia autoe waya. Akautoa, akautia mfukoni. Mkaguzi alikipandisha kidole mashine ikiwa imezimwa, akakishusha, akaridhika kwamba breka ni nzima. Kisha akauliza kama marehemu alikuwa na tabia ya kushika mashine kwa mikono iliyolowa.

"Hapa kila mtu ameonywa," alisema msimamizi. "Au siyo, fundi?"

Fundi alitazama viatu vyake. "Wameonywa."

Basi. Maiti hana mdomo, na kosa likazikwa naye.

Rambirambi ya kiwanda ilikuwa ileile ya miaka yote: nafasi ya marehemu hupewa mtu wa nyumbani kwake. Matangani watu walimsifu msimamizi kwa utu wake. Nafasi ikamwangukia binti wa marehemu, na aliyempeleka siku ya kwanza alikuwa fundi, kwa kuwa ndiye baba yake mkubwa. Karibu na lango msichana akauliza, "Baba mkubwa, mama alikosea wapi, nisije nikarudia?"

"Usishike mashine ukiwa umelowa," alisema fundi.

Mashine ilikuwa imefutwa vumbi. Kufunguliwa, haikufunguliwa. Shuka la kwanza liliingia, breka ikajikata, na shingo zikageuka.

Fundi alisema kwamba mashine bado inavuja. Msimamizi alikunja mikono, akawatazama wanawake, akasubiri. Aliyejibu ni yule mwanamke aliyelia kuliko wote makaburini.

"Msiba haujazi kapu, fundi," alisema bila ukali.

Binti alijifuta mikono kwenye aproni ya mama yake. Alitabasamu kwa haya, kama mtu anayeombea kundi zima. "Baba mkubwa, tuwashie."

Waya ulikuwa bado mfukoni. Hakuwa ameweza kuutupa, wala kuuweka mahali ambapo mkewe angeuona. Akatia mkono. Ulikuwa na joto la paja lake. Nyuma yake, binti alikuwa ameshaegemeza kiuno kwenye ubavu wa mashine, akisubiri, na maji ya sakafuni yakipita polepole katikati ya vidole vya miguu yake.