Drili ya Khatibu

Khatibu alikuwa na sababu moja tu ya kununua drili, na sababu hiyo ilikaa nyumba ya nne kutoka kwake, mtaa uleule wa Kasulu mjini. Iliitwa Niyongabo, fundi seremala, mtu mpole asiye na kosa lolote ila moja: aliwahi kumposa Mwanahawa kabla Khatibu hajamposa na kumwoa. Posa ilikataliwa, miaka kumi na miwili imepita, Niyongabo ana mke na watoto watano. Khatibu bado alikuwa na wivu, tena wivu wa kitoto kabisa.

Kwa hiyo Mwanahawa aliposema anataka kabati la vyombo, Khatibu akaruka.

"Nitalitengeneza mwenyewe!"

"Wewe, baba Shadia? Muuza vitenge?" Mwanahawa alicheka mpaka akajishika mbavu. "Haya. Ila Ijumaa alasiri vyombo vyangu vikiwa bado sakafuni, namwita Niyongabo."

Jumatatu Khatibu alifuata mzigo Kibondo, akapita kwa Saady, muuza vifaa. Saady akamtolea drili ya betri, ya kijani, isiyo na jina popote.

"Mbona haina jina?"

"Ndiyo maana rahisi, shehe. Jina ndilo linalokula hela."

Khatibu aliona hapo pana hekima kubwa. Akalipa, akarudi Kasulu ameipakata mapajani njia nzima.

Mbao alikatiwa kwa vipimo; kilichobaki ni kutoboa na kukaza skrubu. Jumanne akaanza uani. Drili ilinguruma vizuri sana, ila badala ya tundu ikatoa moshi. Akampigia Saady.

"Umeisukuma?" Saady akauliza.

"Nimeisukuma."

"Isukume zaidi."

Akailalia kwa tumbo. Moshi ukaongezeka, na jirani yake Maximilla, muuza ndizi, akachungulia ukutani, akasalimia kwa Kiha.

"Mwakeye, baba Shadia! Mnachoma nyama?"

Jumatano akabadili mbinu: skrubu akazigongelea kwa nyundo, kisha akaja na drili azikaze. Zikatoka! Moja baada ya nyingine, taratibu, kwa heshima zote. Akagongelea tena, zikatoka tena. Kwa kutoa, drili ile haikuwa na mfano. Maximilla alipoona hivyo akaleta kiti chake chenye skrubu zilizoshika kutu, na Alhamisi wakafika watu watatu na vitanda vya kufunguliwa. Khatibu akawafungulia wote, maana angalau walikuwa wanamwita fundi.

Ijumaa baada ya swala alirudi uani, akakaa kati ya mbao zake, akataka kulia. Si kwa ajili ya kabati. Aliona kwa macho yake Niyongabo akiingia na penseli sikioni, Mwanahawa akimletea chai, na yeye Khatibu akiambiwa ashike mbao ile pale, asiitikise.

Mwanahawa akatoka jikoni, simu mkononi. Khatibu akafumba macho. Lakini mkewe hakupiga simu. Aliiweka chini, akaichukua drili, akaigeuza mara moja, na kwa kidole gumba akasukuma kitufe kidogo kilichokuwa juu ya kile cha kuwashia. Kikalia ka! Akaweka skrubu kwenye ubao, akabonyeza, ikazama yote.

"Ilikuwa inazunguka kinyume," akasema. "Tangu Jumanne."

Kule ukutani, Maximilla akasahau kabisa wateja wake wa ndizi.

"Mama Shadia," Khatibu akasema polepole, "hilo ulijulia wapi?"

Mwanahawa akamtazama, drili begani.

"Unataka jibu, au unataka kabati?"

Khatibu akazitazama mbao zake.

"Kabati," akasema, akampa skrubu nyingine.