Diski Iliyofugwa Maua

Wenzangu hunicheka kwamba nina domo. Sawa, ninalo. Lakini siku ile Kaimenyi alipopoteza sauti ya nyanya yake, domo hilo hilo lilikuwa limeshafanya kazi yake mapema, na nitalisema mpaka kaburini.

Sisi ni maprograma. Tunakutana Meru mjini Jumamosi moja ya kila mwezi, katika chumba kilicho juu ya duka la vyombo. Mimi, Lenah, hutoka Runyenjes, ambako ninaandika programu za kupimia kahawa. Njagi hutoka Embu, Ikran hutoka Maua, na Kaimenyi hutoka Mikinduri. Tunaonyeshana skripti, vile viprogramu vifupi tunavyoviandika, tunakosoana bila huruma, halafu tunakula chapati.

Mimi ndiye niliyeleta desturi ya mbuzi. Babu zetu kule Mbeere hawakufuga mbuzi wote zizi moja. Wengine waliwapeleka kwa rafiki wa mbali, ili ugonjwa ukiingia nyumbani, boma lisibaki tupu. Nikasema diski zetu nazo zifugwe hivyo: kila mtu ampe mwenzake wa mji mwingine nakala ya faili zake, na anayepokea ahakikishe zinafunguka, maana nakala usiyoifungua ni matumaini tu. Walinicheka weee, wakaanza kuziita diski zao mbuzi. Lakini walizipeleka. Ya Kaimenyi ikaenda kwa Ikran.

Basi Kaimenyi, mtu wa akili nyingi na subira kidogo, akachoka kubeba mbuzi. Akaandika skripti ya kufanya kila kitu yenyewe. Ilichukua rekodi kutoka kwa simu za watu wa nyumbani, ikaipa kila moja jina la mwenye sauti, ikaifuta kwenye simu ili nafasi isijae, halafu kila saa ikanakili folda nzima kwenye diski ya pili. Ilikuwa skripti safi kweli. Hata mimi niliisifu, na mimi sisifu ovyo.

Kumbe hakufikiria jambo ambalo kila mtu wa huku analijua. Kwetu mtoto hubeba jina la nyanya yake. Nyanya yake Kaimenyi, yule aliyemzaa mama yake, Mungu amrehemu, aliitwa Kaari. Dada yake Kaimenyi naye ni Kaari, kwa sababu hiyo hiyo. Alhamisi asubuhi dada akajirekodi akijifunza wimbo wa ibada ya kumkumbuka nyanya, iliyopangwa Jumamosi. Skripti ikaona jina Kaari, ikamweka mjukuu juu ya nyanya, na sauti ya nyanya ikafutika. Saa ilipotimia, ikafanya vivyo hivyo kwenye diski ya pili, kwa uaminifu kabisa.

Hakukuwa na rekodi nyingine ya marehemu. Kaimenyi alikuwa amemwahidi mama yake, Marcella, kwamba ataisikia sauti yake siku hiyo ya ibada mbele ya ukoo wote. Marcella hakuwa amemsikia mamake tangu wamzike, na wiki nzima hakuzungumzia jambo lingine.

Kundi letu la WhatsApp likajaa ushauri. Njagi akamwambia asimamishe skripti, asiandike tena chochote kwenye diski. Ciku wa Kangeta, mwenzetu mwingine, akamtumia programu ya kufukua faili zilizopotea. Kaimenyi alijaribu yote, na kila jaribio lilimletea dada yake akiimba. Mimi nilimpigia simu nikamwambia nilikuambia. Nikarudia, asije akasingizia mtandao. Kisha nikamsikia akilia, mtu mzima wa ndevu, na hasira ikanitoka yote.

"Si una mbuzi Maua," nikasema. "Umemsahau?"

Alikuwa amemsahau. Na alipokumbuka, hofu ikazidi, kwa maana ilikuwa zamani alipopeleka nakala ya mwisho, na hakuwa na hakika kama alimrekodi nyanya kabla ya hapo au baadaye.

Nikampigia Ikran. Ikran ni binti wa Kisomali, kwao wana duka la vipuri, na kwa kuwa amezaliwa Maua, anaongea Kimeru kunishinda mimi Muembu. Alifunga duka mchana kweupe akaenda nyumbani kutazama. Tukangoja. Kungoja kule simtakii hata adui yangu.

Ikran ana tabia moja ninayoipenda sana: huweka kila nakala kwa tarehe yake, wala hairuhusu mpya iikanyage ya zamani. Akatafuta, akaona jina Kaari. Hakutosheka na jina. Aliifungua ile faili, akaisikiliza mpaka mwisho, ndipo akapiga simu.

"Yupo, na sauti yake ni safi," akasema polepole. "Lakini simtumi kwa mtandao. Nitamleta mwenyewe."

Jumamosi akaja Mikinduri, nyumbani kwa akina Kaimenyi, diski ameifunga ndani ya leso kwenye mkoba. Sote tulikuwa pale. Nawaambia, nilisimama kati ya watu wale kifua mbele kama niliyemzaa Ikran mimi. Mchungaji alipomaliza kuomba, Kaimenyi akawasha spika, na nyanya akaanza kusimulia kwa Kimeru jinsi alivyofunga ndoa mwaka wa njaa. Wazee walicheka pale pa kucheka. Dada Kaari alikaa akijishika mashavu.

Katikati ya hadithi yule nyanya akanyamaza, akakohoa, akaita kwa sauti ya mtu aliye nyumbani kwake: "Marcella! Chungu kinaungua!"

Marcella akasimama. "Nakuja, Mama," akasema, akapita katikati ya viti vya wageni mbio mbio. Alikuwa ameshafika mlango wa jikoni ndipo akakumbuka. Hakuna aliyecheka. Sauti iliendelea na hadithi yake, naye akasimama pale, mkono kwenye fremu ya mlango, akaisikiliza mpaka ikaisha.

Kisha akarudi, macho yamelowa, akauliza nani alikuwa amemweka mama yake muda huo wote. Kaimenyi akamwonyesha Ikran, aliyekuwa amejibanza nyuma karibu na ua. Marcella akamfuata huko huko, akamshika mkono, akamleta mbele na kumketisha kwenye viti vya mabinti wa nyumba, kati yake na Kaari.