Kipimajoto Kisichobisha Hodi

Dada yangu mkubwa anaipenda nembo ya karakana kuliko anavyompenda mumewe, na shemeji mwenyewe analijua hilo. Karakana ni ya dada. Mimi ninaandika programu za friji zetu za chanjo. Juzi alisubiri nitoke kwenda kula, akaingia kwenye kompyuta yangu na kuipandisha nembo juu kabisa ya programu, ili friji ikiwashwa tu mteja aone jina letu linameremeta. Mstari wa kutangaza kipimajoto akausukuma chini.

Sasa, kipimajoto chetu hakina mdomo. Hakiwezi kubisha hodi na kusema nipo. Lazima kiini cha mfumo, ile programu inayoamka kwanza, kiambiwe mapema, kabla hakijaamsha njia ya nyaya inayounganisha vifaa: pale pana kipimajoto, anwani yake hii. Ukichelewa, kiini kimeshapita na hakirudi nyuma kumtafuta mtu.

Basi mahali pa joto vikatokea vistari vitupu. Dada akaviona vinatia aibu, akaandika nne, nyuzi zinazofaa chanjo, akaenda zake saluni.

Mimi sikujua lolote. Muuguzi mkuu wa zahanati akaja kuchukua friji, kasha lake la barafu limeshaanza kuchuruzika. Akawa anapanga chanjo za watoto ndani, mlango wazi, anapiga soga na dada aliyekwisha kurudi. Karakana ilikuwa na joto la kukaanga mtu. Nikatazama skrini: nne. Nikangoja. Nne.

"Mama, zitoe hizo chanjo."

"Usimsikilize, mama," dada akadakia. "Huyu hana adabu tangu utotoni."

"Dada, hiyo nne umeiandika wewe?"

Akatazama kucha zake mpya. Muuguzi akaanza kuzirudisha chupa kwenye barafu.

Nikachomeka kompyuta, nikaukuta upuuzi wote. Nikaurudisha mstari juu, nikafuta ile nne, nikawasha upya. Skrini ikakaa nyeusi kwanza.

"Umenimaliza," dada akaninong'oneza.

Namba ikaja: kumi na tisa.

Muuguzi akafunga mlango wa friji, akavuta kiti, akaketi mbele yake na kasha mapajani, kama anayesubiri wali uive. Ilipofika kumi na nane akacheka kwa sauti.

"Hii inapumua," akasema. "Ile ilikuwa maiti inatabasamu. Siondoki mpaka ishuke yenyewe hadi nne."

Nilitaka kulia kwa furaha. Dada akachukua pochi yake, akatoka mbio kumtafutia barafu.