Cherehani ya Ubia

Mfilisi alikuwa anakula kuku juu ya meza ya kukatia nguo. Mafuta yalimchuruzika hadi kwenye vidole, akavifuta kwa shati la shule lililokuwa halijatiwa vifungo. Fundi alilitazama lile shati. Kinyaa kilimshika.

"Shemeji, keti basi," alisema mbia wake, kaka wa marehemu mumewe. Viti vilikuwa vimekwishauzwa, isipokuwa viwili walivyokalia wao.

Mfilisi alieleza huku akijichokonoa meno. Ubia ukivunjwa, mali inauzwa, wadai wanalipwa, mfilisi anachukua ada yake, kinachobaki wabia wanagawana.

"Kimebaki nini?"

"Hakuna, mama."

"Wadai ni nani? Mimi sijakopa hata sindano."

"Ni mimi," alisema shemeji. "Si niliikopesha biashara kodi ya chumba?"

Chumba kilikuwa chake. Kodi hiyo alikuwa amejilipa mwenyewe, na sasa anajilipa tena. Wala hakuona haya; alikuwa anatafuta paja jingine kwenye mfuko wa kuku.

"Basi nipeni cherehani yangu niende. Nilikuja nayo hapa nimeibeba kichwani."

"Uliileta kama mtaji," alisema mfilisi. "Ikishaingia kwenye ubia si yako tena. Na imeshauzwa."

"Kwa nani?"

"Kwa mke wangu," alisema shemeji. "Kwa bei ya vyuma chakavu, lakini kihalali kabisa."

"Na wateja je? Wanakuja kwa ajili ya mkono wangu."

"Mkono hauingii kwenye mahesabu, mama."

"Usinune, shemeji," alisema mbia wake. "Mke wangu ana cherehani, hajui kushona. Utamshonea kwa mshahara. Sisi si watu baki."

Fundi aliweka mkono juu ya cherehani. Nyumbani watoto walikuwa wanamsubiri aje nayo.

Mfilisi alisimama, akaona pindo la suruali yake limefumuka.

"Kabla hawajaibeba, hebu nipigie hapa."

Akaivua palepale, akabaki na koti, soksi na chupi. Fundi aliipokea ikiwa bado na joto lake, akainama, akashona. Cherehani ilikwenda vizuri, kama siku zote.

"Bei gani?" aliuliza mfilisi, mkono mfukoni mwa koti.

Fundi alifungua kinywa.

"Nipe mimi nimpelekee mke wangu," alisema shemeji. "Ndiye mwenye cherehani."

Noti ikapita juu ya kichwa cha fundi, imelowa mafuta ya kuku. Yeye alikuwa bado anakata uzi kwa meno.