Moshi Aliouona Danford

Mzee Enoka alipotamka hukumu, Roda, ambaye kijiji kilimwita Mama Osea, alidhani masikio yake yamemdanganya. Akamgeukia shemeji yake Hezron, mdogo wa marehemu mumewe, aone kama naye amesikia vilevile. Hezron alikuwa ameinua nyusi tu.

"Danford atamjengea Mama Osea nyumba na kihenge," mzee alirudia, maana karani wa baraza alikuwa bado anaandika. "Atamlimia mpaka mavuno yajayo. Na nusu ya ulezi wake itakwenda kwa Mama Osea. Basi."

Basi. Nyumba imeteketea, kihenge cha mahindi kimeteketea pamoja na mbegu, mjukuu wake Jenista amelala kwa jirani, mguu umebabuka tangu goti hadi kisigino, na aliyewasha moto anaambiwa akajenge. Hata kiboko kimoja hakuchapwa.

Kosa lenyewe kila mtu alilijua. Katika vilima vile vinavyotoka Mbozi kushuka kuelekea Tunduma, watu walilima ulezi kwa kukata matawi ya miti, kuyarundika yakauke, kisha kuyachoma ili mbegu imwagwe kwenye majivu. Lakini hakuna aliyechoma kwa kujiamulia. Pale kijijini mzee Enoka ndiye aliyepima upepo. Akiona umetulia, aliwasha rundo lake kule mlimani, na moshi wake ulipopanda, kila mwenye shamba aliwasha lake, amesimama na tawi bichi mkononi la kuzimia. Serikali ya Mwingereza nayo ilikuwa imeitia desturi hiyo katika amri zake. Kuwasha kabla ya moshi wa mzee lilikuwa kosa la kupelekwa barazani.

Danford aliwasha kabla. Upepo ulikuwa bado na wazimu wake, ukauchukua moto hadi kwa Roda.

"Kwa nini uliwasha?" mzee Enoka alikuwa amemuuliza.

"Niliona moshi, baba."

Hapo ndipo Roda alipoona jambo. Mzee alifungua kinywa kama mtu anayetaka kuuliza zaidi. Akamtazama Roda. Akakifunga kinywa. "Inatosha," akasema, na shauri likaishia hapo.

Njiani Hezron hakunyamaza. Alikuwa amefanya kazi migodini Nkana, upande wa pili wa mpaka, na tangu arudi hakuacha kuvaa kofia yake ya kule hata jua likizama.

"Mukwai," alisema, neno la heshima alilorudi nalo kutoka kule, "mimi nimeona mabaraza ya Rodesia. Mtu akiiba sabuni ya kampuni, anafungwa. Hapa mtu anachoma mtoto, anapewa udongo akandike ukuta."

"Mzee aliniangalia, shemeji. Kabla ya kusema inatosha, aliniangalia mimi."

"Mtu mwenye kitu tumboni ndivyo anavyoangalia. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Watamchelea Danford mpaka kijiji kizima kiwe majivu."

Moyoni Roda alikuwa anaunganisha mambo. Jioni ya kuamkia siku ya baraza alikuwa amemwona Yunisi, mama yake Danford, akipita njia ya nyuma kwenda kwa mzee Enoka, na kikapu kimefunikwa kwa kanga. Mtu anayekwenda kusalimia hupita mbele. Tena kulikuwa na lile neno la kisimani. Msimu uliopita Roda na Danford waligombania mpaka wa shamba, na kijana yule akamwambia mbele ya watu, "Mama, utaona." Hakusema ataona nini. Sasa alikuwa ameona.

Akaenda kwa karani, akasema anakata rufaa. Bwana Shauri, ofisa Mwingereza wa wilaya, alikuwa karibu kuja katika safari yake ya kusikiliza rufaa. Yeye angeweza kumpeleka Danford jela ya Mbeya.

Usiku huo alipiga magoti kando ya mkeka wa Jenista. "Bwana," aliomba, "wewe uliyeona kila kitu, mwondoe mtu huyu karibu na mtoto huyu. Nitalalaje chini ya paa alilolijenga yeye?" Kisha akaongeza, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa kanisani, "Mapenzi yako yatimie." Lakini alilisema neno hilo haraka, kama mtu anayefunga mlango.

Danford alianza kujenga siku iliyofuata. Roda aliketi kwenye kinu kilichopinduliwa na kumkodolea macho. Alizitikisa nguzo alizochimbia kijana. Alinusa nyasi za kuezekea, asijue ananusa nini. Kijana alipoanza kupanga mawe ya msingi wa kihenge mbali na nyumba, akasimama.

"Kihenge cha zamani kilikuwa hapa karibu. Unakipeleka huko kwa nini? Nikisikia mwizi nisifike?"

"Moto usiruke, mama."

"Wewe ndiye wa kunifundisha habari za moto?"

Danford aliinama, akaendelea na mawe yake. Hakuwa na hasira usoni. Jambo hilo nalo Roda alilitilia shaka. Mtu asiye na hatia angekasirika.

Mtu pekee ambaye Roda alimwamini siku zile alikuwa mke wa mzee Enoka. Mama huyo alikuja mara kwa mara na asali ya nyuki wa msituni ya kupaka kwenye jeraha la Jenista, na kwa kweli mguu ulianza kufunga ngozi. "Imetoka kwa wazee," alisema kila mara, na Roda alimshukuru Mungu kwamba angalau nyumbani kwa mzee kulikuwa na mtu mwenye huruma.

Siku ya Bwana Shauri ilipokaribia, Roda aliamua kwenda mwenyewe kwenye shamba la ulezi la Danford. Alitaka kusimama pale aliposimama kijana siku ile na kuona kama mlima wa Enoka unaonekana. Kama hauonekani, basi habari ya moshi ni uongo, naye angeusema uongo huo barazani.

"Nikiwa huko," alimwambia Hezron, "nikatie yale matawi ya kahawa yaliyoliwa na wadudu. Bwana shamba hataki kuyakuta. Yachome kulekule, mabichi hivyohivyo."

"Mabichi yatafuka tu."

"Yafuke. Hata mimi yalinifukia siku ile nilipoyachoma."

Njia ilipanda, ikashuka, ikapanda tena. Shamba la Danford lilikuwa jeusi, na miche ya kwanza ya ulezi ilikuwa imeanza kuchomoza katika majivu. Roda alisimama kwenye kichuguu katikati ya shamba na kutazama. Mlima wa Enoka ulionekana vizuri kabisa. Jambo hilo likamuudhi. Akatafuta nyumba yake mwenyewe, asiione. Kilima kidogo kilikuwa kimeificha, pamoja na mteremko wake wa kahawa.

Basi aliuona mlima, akawaza. Lakini mzee hakuwa amewasha. Aliona moshi gani?

Alikuwa bado amesimama hapo moshi ulipoanza kupanda kwenye mlima wa Enoka. Ulikuwa mweupe na mzito, ukapanda wima, kisha ukainama kidogo juu ya miti. Roda alishangaa. Msimu wa kuchoma ulikwisha pita. Mzee amewasha nini tena?

Akautazama mpaka macho yakamtoka machozi. Kisha akaona kwamba moshi ule haukutoka mlimani. Ulitoka chini, nyuma ya kile kilima kidogo, na kwa mtu aliyesimama pale ulipanda moja kwa moja mbele ya mlima wa mzee, kana kwamba umezaliwa juu yake. Ulikuwa moshi wa matawi mabichi ya kahawa.

Siku ya moto, asubuhi, kabla ya kwenda mtoni, yeye mwenyewe alikuwa ameyachoma matawi ya wadudu. Moto mdogo, akaufukia kwa udongo, akausahau. Nani angeuita huo moto?

Akakaa kwenye majivu.

Hakwenda nyumbani. Alikwenda kwa mzee Enoka, akapita njia ya mbele. Mzee alikuwa anachonga mpini wa jembe.

"Mzee, ulijua?"

Enoka hakuuliza alijua nini. "Niliuona kutoka kwangu. Nilitaka kumtuma mtu aje kukugombeza. Kabla sijamtuma, shamba la Danford lilikuwa linawaka."

"Na barazani ukasema inatosha."

"Ningemuuliza moshi wa nani, ningewahukumu wawili. Mmoja ana mtoto ameungua na hana pa kulala."

"Na yeye? Naye alijua?"

"Danford? Alijua siku ya pili tu. Alikuja kuniuliza kama mimi niliwasha. Nilipomwambia hapana, alikaa hapo ulipo wewe, akafikiri. Hakulitaja jina lako."

Roda alikumbuka kikapu. Hata saa ile shaka haikumtoka, akauliza, "Na Yunisi alileta nini hapa jioni ile, kimefunikwa?"

"Asali," alisema mke wa mzee kutoka mlangoni. "Aliogopa kuileta kwako. Alisema ukijua ni yake utaimwaga."

Na kweli angeimwaga.

Bwana Shauri alifika na gari lake limejaa vumbi. Alikisema Kiswahili mwenyewe, polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Watu walijaa. Hezron alisimama mbele, kofia kichwani, tayari kusaidia.

"Mama, unasema hukumu hii ni nyepesi mno?"

"Nilisema hivyo, bwana."

"Kijana alisema aliona moshi. Baraza halikuuliza moshi ule ulikuwa wa nani. Kwa nini?"

Mzee Enoka alitazama chini. Danford alitazama chini. Roda aliona kwamba kama angenyamaza, wote wawili wangenyamaza pamoja naye, na kijana angekwenda Mbeya.

"Ulikuwa wangu, bwana," alisema. "Nilichoma matawi ya kahawa. Kutoka kwake ulionekana kama wa mzee. Naiondoa rufaa yangu."

Hezron alivua kofia.

Bwana Shauri alifikiri, akauliza maswali machache, kisha akamrudishia mzee Enoka shauri la moto wa Roda, kwa kuwa lilikuwa la baraza lake. Baraza likakaa palepale. Mzee alisema kwamba ulezi wote utabaki kwa Danford, na kwamba Roda atakanyaga udongo na kuwapikia wajenzi mpaka kihenge kiishe. Basi.

Watu walipokuwa wanatawanyika, Roda alisikia sauti nyuma yake. Alikuwa Yunisi, anamwambia mwenzake bila hata kushusha sauti. "Mwanangu alimishwe mpaka mavuno, yeye akanyage udongo tu? Kwani Mama Osea amempelekea nini mzee?"

Roda aligeuka. Alitaka kusema kwamba hakupeleka kitu, akakumbuka ni nani aliyekuwa wa kwanza kuuliza swali hilo. Akafunga kinywa.

Kesho yake alipandisha kanga magotini akaingia shimoni kukanyaga udongo. Danford alichota maji, akamwaga, akachota tena. Roda hakumuuliza lile "utaona" la kisimani lilikuwa na maana gani, na kijana hakueleza. Usiku Roda aliomba tena, na safari hii alipofika kwenye mapenzi ya Mungu hakuharakisha, ingawa alikaa muda mrefu kabla ya kulitamka.

Mchana wa siku ya mwisho Danford aliwasha kijimoto cha kuchomea viazi. Roda alimtazama mpaka alipokimwagia maji na kuyakanyaga makaa. Kisha akageukia mafiga yake mwenyewe, na alipoinua macho akaona kijana naye amesimama, ndoo mkononi, anasubiri aone kama Roda atauzima moto wake.

Akauzima.