Shangazi Mmoja Tu

Kwetu Masaka, siku mchumba anapotambulishwa ukweni, shangazi wa bibi harusi ndiye anayemtoa kati ya wageni. Shangazi mmoja tu. Nakimera, binti wa kaka yetu, alimchagua dada yangu Namukasa. Niliumia. Msichana amelala chumbani kwangu miaka minne, siri zake zote ninazo. Lakini Namukasa ni mkubwa, tena ana sauti. Mimi mbele za watu maneno hunirudi tumboni.

"Usininunie," aliniambia tukifungana mikanda ya gomesi, magauni yetu ya sherehe. "Kazi hii inataka mtu anayejua kutembea."

"Na anayeona. Miwani yako iko wapi?"

"Gomesi ya hariri na miwani? Nimekuwa mwalimu wa hesabu?"

Wageni walikuwa wanaume arobaini, wote kanzu nyeupe na koti jeusi. Msemaji wetu akasema, "Shangazi, tuonyeshe mkwe." Namukasa akaondoka na ua la kumbandika mkwe mkononi, akitembea kweli. Akampita Lubwama, bwana harusi mwenyewe, akaenda kumwinamia mzee mmoja mnene mwishoni mwa mstari. Watu wakaanza kukohoa.

Sitaficha: kwa kitambo nilimwacha. Kisha nikaona mkono wake ukisita hewani, na miguu yangu ikaondoka kabla sijaiambia. Nilipiga magoti kando yake kama ninayemrekebishia mkanda.

"Mstari wa pili, dada. Wa tatu kutoka kwenye nguzo. Anayetokwa jasho."

"Wote wanatokwa jasho."

"Basi twende."

Alinishika mkono hadi vidole vikauma, akawageukia wageni. "Nilikuwa namtania mzee. Mkwe huyu mzito, hatolewi na shangazi mmoja."

Walicheka, lakini hawakumcheka yeye. Tulifika kwa Lubwama. Dada akashika koti, mimi nikabandika ua. Kule mkekani Nakimera alikuwa ameficha uso, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Wakati wa kula tulikula sahani moja. Nilingoja shukrani.

"Umetembea kama bata," Namukasa alisema.

"Lakini nimefika."

"Umefika." Akamega matoke. "Nakimera ana mdogo wake. Yule tutamtolea mchumba sote wawili, nimeshamwambia kaka. Nina mwaka mzima wa kukufundisha kutembea."

Nilimsogezea bakuli la mchuzi wa karanga karibu na mkono, asije akalikosa.